Maswali ya Jikoni: Kikombe cha Marekani, Jodari wa Juani na Kikaango cha Vitumbua

Barua za mara hii nyingi zimetoka Lamu na Malindi, na kilio chake ni kimoja: chakula kilichopendeza kitabuni au kwenye tamasha kimekataa kutoka hivyo nyumbani. Mkono wa mpishi mara nyingi hauna kosa. Kilichobadilika ni kiungo chenye jina lile lile na tabia nyingine, au kikombe chenye jina lile lile na ujazo mwingine.

Kikombe gani, na digrii za nani?

Assalaam aleikum. Nimenunua vitabu viwili vya keki, kimoja cha Marekani na kingine cha Australia. Napima kwa kikombe changu cha chai. Keki ya kwanza ilitoka ngumu kama ubao, ya pili ilifura ikabonyea katikati. Halafu kitabu kinasema digrii 350, na oveni yangu inaishia 250. Nifanyeje?
Msomaji wa Langoni, Lamu

Wa aleikum salaam, dada yetu. Tuanze na kikombe. Cha kitabu cha Marekani ni mililita 240 hivi, cha Australia ni 250, na kile cha mchele katika vitabu vya Japani ni 180. Kikombe chako cha chai kinaweza kuwa chochote kati ya 150 na 300, kwa hiyo kimwagie maji ya kupima ujue ujazo wake kabla ya kitu kingine chochote.

Kinachoponza zaidi ni kijiko. Kijiko kikubwa cha Australia ni mililita 20, cha kwingineko ni 15. Na chumvi nayo ina yake: vitabu vya Marekani hutaja chumvi ya kosher, yenye chembe kubwa nyepesi. Kijiko cha chai cha aina yake iliyo nyepesi kina uzito wa gramu 3 hivi, ilhali kijiko hicho hicho cha chumvi yetu laini ya mezani kina gramu 6. Ukiona neno kosher, tia nusu, kisha onja.

Ule ubao umetokana na unga. Ukizamisha kikombe mfukoni na kukandamiza, unabeba gramu 150 hivi. Ukimwagia unga kwa kijiko mpaka kikombe kijae, kisha ukasawazisha juu kwa kisu, unapata gramu 120 hadi 125. Kwa keki ya vikombe 3 umezidisha gramu 75 au zaidi, na maji hayakuongezeka. Kusawazisha kwa kisu si udhia wa bure: mwaka 1896 Fannie Farmer, mwalimu wa upishi wa Boston, alitoa kitabu kilichoeneza Marekani nzima vipimo vya kikombe na kijiko vilivyosawazishwa, na mapishi yao mpaka leo yanadhani kwamba umesawazisha. Ulaya ilibaki na mizani. Nasi tunakushauri mizani ndogo ya betri. Ni kifaa cha maana kuliko kitabu cha tatu. Andika haya nyuma ya jalada: kikombe cha Marekani cha unga gramu 125, cha sukari 200, cha siagi 227. Wakisema kipande kimoja cha siagi, ni gramu 113.

Digrii 350 ni za Fahrenheit. Toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9: unapata 177, weka 180. Vivyo hivyo 375 ni 190, 400 ni 200, 425 ni 220, na 450 ni 230. Oveni yenye feni ipunguzie 20. Vitabu vya Uingereza vikisema gesi namba 4 ni 180, namba 6 ni 200.

Keki iliyobonyea ichunguze kabla ya kuitupa. Ikiwa ina matundu makubwa na ladha ya sabuni, poda ya kuumulia imezidi, na hapo shuku kile kijiko. Ikiwa sehemu iliyobonyea ni mbichi na inanata, oveni ilikuwa baridi kuliko ilivyoonyesha, au ulifungua mlango kabla keki haijashika. Kipimajoto kidogo cha kutundika ndani ya oveni kitakwambia ukweli. Jambo la mwisho ni hewa ya kisiwani: ina unyevu, na poda iliyofunguliwa huishiwa nguvu upesi. Tia kijiko cha chai kimoja ndani ya nusu kikombe cha maji moto. Isipotoa mapovu papo hapo, nunua nyingine.

Rizoto iliyogeuka pilau

Mimi ni kijana wa Malindi, nimejifunza kupika kwa kutazama. Nimejaribu rizoto, ule wali wa rojo wa Waitalia, kwa mchele wa pishori, nikakoroga nusu saa. Kimetoka kitu kati ya pilau na uji. Nimekosea wapi?
Msomaji wa Shela, Malindi

Kwenye mchele, ndugu yetu. Wanga wa mchele ni wa aina mbili, amilosi na amilopektini. Pishori na basmati zina amilosi nyingi, ndiyo maana punje hujitenga, na ndiyo sifa tunayoilipia bei kwa ajili ya pilau na biriani. Michele ya rizoto, hasa Arborio na Carnaroli, ina punje fupi nene zenye amilopektini nyingi. Ukiikoroga, sehemu ya nje huachia wanga na kuwa rojo, na kiini hubaki na ugumu kidogo chini ya jino. Pishori ukiikoroga nusu saa huvunjika tu, na hicho ndicho ulichokiona.

Mji wako umekaa na Waitalia tangu enzi za kituo cha anga cha San Marco kule Ngomeni, kilichorusha setilaiti kutoka baharini mwaka 1967, kwa hiyo ulizia michele hiyo kwenye maduka wanakonunua wao. Ukiikosa, mchele mfupi wa sushi unafanya kazi vizuri.

Kwa watu 4 pima mchele gramu 320, na usiuoshe. Huu ndio mchele pekee tunaokuomba usiuoshe, maana ukiuosha unaumwaga ule wanga unaoutafuta. Weka supu lita 1.3 jikoni iwe inachemka polepole muda wote. Kaanga kitunguu kimoja kilichokatwa kidogo sana kwenye siagi gramu 30 mpaka kilainike bila kugeuka rangi. Tia mchele, ugeuze dakika 2 mpaka kingo zing'ae. Waitalia hapo hutia mvinyo mweupe. Asiyetumia aruke hatua hiyo na akamulie ndimu kidogo mwishoni, kwani kinachotakiwa ni ukali wa kukata mafuta. Sasa mimina supu upawa mmoja, koroga, ikinyweka mimina mwingine. Tangu upawa wa kwanza ni dakika 16 hadi 18. Epua, tia siagi baridi gramu 40 na jibini la parmesan la kukwaruza gramu 50, koroga kwa nguvu, funika dakika 2. Ukiigonga sahani kwa chini, rizoto itambae yenyewe. Ikisimama kama kilima, ongeza supu kidogo.

Supu baridi ndiyo kosa la pili baada ya mchele: kila upawa unakatisha mchemko, punje zinapikwa nje na kubaki mbichi ndani. Ukipika rizoto ya kamba, chemsha vichwa na maganda dakika 20 upate supu yake, na hapo jibini liache. Waitalia wengi hawalichanganyi na vya baharini, na baada ya kuonja utakubaliana nao.

Je, rehani ya kikuba inafaa kwa pesto?

Swali la dada wa Malindi kuhusu pesto, ule mchuzi wa Waitalia wa rehani iliyopondwa. Inafaa kwa nusu. Rehani yetu na ile ya Genova, Italia, ni mimea ya ukoo mmoja, lakini yetu ina majani madogo na harufu kali inayokaribia karafuu, ndiyo maana inavumilia kukaa kifuani na asmini usiku kucha. Ikitumika peke yake hufunika kila kitu. Changanya rehani gramu 25 na majani machanga ya spinachi gramu 25. Badala ya mbegu za msonobari, ambazo ni ghali mno, tumia korosho za pwani gramu 30, zisizo na chumvi, zilizokaushwa kidogo tu kwenye kikaango. Ponda kwanza korosho na punje moja ya kitunguu thomu na chumvi, kisha majani, kisha jibini gramu 50, mwisho mafuta ya zeituni mililita 100 kidogo kidogo. Kinu ni bora. Ukitumia blenda, weka jagi kwenye friza dakika 15 kwanza na usiizungushe mfululizo, kwa sababu joto la visu hugeuza majani kuwa meusi na machungu.

Nije Lamu lini, nile nini?

Shikamooni. Sisi ni marafiki 4 wa Nakuru tunaopenda kusafiri kwa ajili ya chakula. Tumeambiwa tuje wakati wa Maulidi, wengine wamesema Novemba. Tunataka kula vyakula vya Lamu hasa, na kujifunza.
Msomaji wa Nakuru

Marahaba, na karibuni. Hayo mawili ni mambo tofauti. Maulidi ni ibada. Hufikia kilele wiki ya mwisho ya Mfungo Sita, kwenye Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, na wageni hufurika kisiwani. Chakula hapo ni ukarimu unaofuata ibada, kwa hiyo njooni na mavazi ya heshima na agizeni malazi mapema. Kwa kuwa ni kalenda ya mwezi, tarehe hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Ya mwaka jana isiwadanganye. Tamasha la Utamaduni la Lamu kwa kawaida huwa Novemba, lenye mashindano ya majahazi, mbio za punda na bao, na ndilo linalomfaa zaidi mtu aliyekuja kuzunguka akionja. Hakikisheni tarehe kabla ya kukata tiketi.

Kuna kalenda ya tatu ambayo wageni huisahau, nayo ni upepo. Wakati wa kusi, hasa Mei hadi Agosti, bahari huchafuka, mashua hazitoki kila siku, samaki huadimika na bei hupanda. Kaskazi ikishatulia, kuanzia Desemba hadi Machi, nguru na jodari hupatikana vizuri zaidi. Pweza fuateni mwezi: hukamatwa zaidi wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yanapokupwa sana na miamba kubaki wazi. Aliyefika siku za maji mafu asishangae kuambiwa hakuna.

Asubuhi tafuteni mahamri na mbaazi za nazi kabla ya saa mbili. Hamri nzuri ni tupu ndani, nyepesi mkononi, na ukilipasua harufu ya iliki inatoka na mvuke. Lililolala huwa na mafuta yaliyoganda kwenye ngozi. Mkate wa mofa, wa mtama, uliookwa kwa moto wa kuta za tanuri la udongo, uleni na mchuzi siku hiyo hiyo, kesho yake ni jiwe. Mchana ni wa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Jioni, kuanzia uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome na kuteremka ukingoni mwa bahari, kuna mishkaki, viazi karai, sambusa, na kahawa chungu. Nyinyi ni 4: agizeni sahani moja ya kila kitu, mgawane, ndipo mtafika mwisho wa njia mkiwa bado mna nafasi.

Samaki wa kupaka mwangalieni kwa karibu, kwa sababu ndiye anayemtambulisha mpishi. Samaki huchomwa kwanza mpaka ngozi ishike, kisha hupakwa rojo la tui zito, ukwaju, thomu, tangawizi na pilipili, anarudishwa motoni, anapakwa tena, mara 3 au 4. Rojo lishikamane na ngozi kama rangi ya ukuta na liwe na madoadoa ya kuungua. Mkiona mafuta yanachuruzika na chembe nyeupe zimebaki juu ya samaki, tui limekatika: limechemshwa kwa moto mkali bila kukorogwa, au ukwaju umetiwa mapema kabla tui halijapata uzito.

Mkizungumza na mpishi, ulizeni ametia kiungo lini. Orodha ya viungo ataitaja mtu yeyote. Ukwaju wa mwanzo na ukwaju wa mwisho, au iliki ya kukaanga na iliki ya kunyunyiza, ndiyo habari msiyoipata vitabuni.

Samli badala ya siagi

Siagi inayeyuka njiani kabla ya kufika kisiwani. Naweza kuoka kwa samli?
Msomaji wa Matondoni

Ndiyo, ila si gramu kwa gramu. Siagi ni mafuta kama asilimia 80 tu, sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji; samli ni mafuta karibu matupu. Kwa kila gramu 100 za siagi weka samli gramu 80 na maji au maziwa mililita 16. Bila hayo maji biskuti hutapakaa sinia zima na kuvunjika mkononi. Kwa keki inayoanza kwa kupiga siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe, samli iwe imeganda. Ya maji maji haishiki hewa. Na ikiwa siagi ya kitabu ni ya chumvi, tia chumvi kidogo.

Nianzie wapi kuujua ulimwengu?

Nimechoka kupika yale yale. Nataka kujaribu vyakula vya nchi nyingine, lakini kila kitabu kinataka vyombo nisivyo navyo. Nina sufuria, karai, mbuzi ya nazi, kifumbu na kikaango cha vitumbua.
Mama wa watoto watatu, Faza

Mama, hicho kikaango cha vitumbua kinatosha mwaka mzima. Chombo cha vishimo vya mviringo kiko nchi nyingi. Watamili wa India Kusini huokea paniyaram, za mchele na dengu zilizochachuka. Wadenmaki hufanyia æbleskiver siku za Krismasi na huzigeuza kwa sindano ya kufumia. Wathai wana khanom krok, na Wajapani wana takoyaki, chakula cha Osaka tangu miaka ya 1930, ambacho ndani yake huwekwa pweza. Na wewe uko Faza, pweza unamjua.

Anza na khanom krok, maana ladha yake watoto hawataikataa. Ni tabaka mbili. La chini: unga wa mchele gramu 150, tui jepesi mililita 400, sukari vijiko vikubwa 2, chumvi nusu kijiko cha chai. La juu: kasimile mililita 250, sukari vijiko vikubwa 3, chumvi nusu kijiko cha chai. Ndiyo, chumvi hiyo yote, usiipunguze, ndiyo inayoipa nazi sauti. Pasha kikaango kwa moto wa wastani, paka mafuta, mimina la chini hadi theluthi mbili ya shimo. Subiri dakika moja, kingo zikianza kushika ongeza la juu mpaka lijae, nyunyiza vitunguu vya majani au mahindi, funika dakika 4. Kitokacho ni kikombe kikavu chini, juu kinatetemeka kama maziwa mgando. Hakigeuzwi. Toa kwa kijiko, unganisha viwili viwili. Tabaka zikichanganyika, umemimina la pili mapema.

Takoyaki inataka mkono zaidi. Pweza kwanza: msugue kwa chumvi, msuuze, umlaze kwenye friza usiku mmoja au umpige mwambani kama kawaida. Mchemshe kwa moto mdogo dakika 45 hadi 60, mpaka ncha ya kisu iingie shina la mkono wake bila kubishana, kisha apoe ndani ya maji yake. Pweza mgumu ni pweza aliyetolewa mapema; zile nyuzi zake zinahitaji muda wa kulainika na kuwa utelezi. Mkate vipande vya sentimita moja na nusu na umkaushe kwa kitambaa, la sivyo mafuta yatakurukia.

Rojo la unga ni jepesi kuliko la vitumbua, na wengi huogopa wakaongeza unga. Usiongeze. Ni unga wa ngano gramu 100, yai 1, supu mililita 350, sosi ya soya kijiko cha chai 1. Wajapani hutumia supu ya mwani na samaki mkavu wa jamii ya jodari. Wewe chemsha maganda ya kamba, uchuje. Pasha kikaango mpaka tone la rojo lilie papo hapo. Paka mafuta mengi kuliko unavyodhani, mpaka kwenye uwanda kati ya mashimo. Jaza rojo lifurike, tia pweza kipande kimoja kila shimo, vitunguu vya majani, tangawizi iliyokatwa ndogo. Baada ya dakika 3 kata rojo lililofurika kati ya mashimo kwa kijiti cha mshikaki, lisukumie ndani, kisha zungusha kila kimoja robo tu, kisimame wima. Rojo bichi litamwagika chini na kuunda upande mpya. Subiri dakika moja, zungusha tena. Jumla dakika 8 hadi 10, nje kikavu, ndani laini.

Mashimo ya takoyaki yana upana wa sentimita 4 hivi na kina kizuri. Ya kikaango chetu ni mapana na hayana kina, kwa hiyo tufe kamili halitoki kwa shimo moja. Pika mawili yaliyo jirani, na kabla ndani hakujashika pindua moja juu ya mwenziwe. Vikiraruka unapovigeuza, umeharakisha. Vikiganda kwenye chuma, kikaango hakijakolea mafuta au hakikupata moto. Juu paka mchuzi mzito wa sosi ya soya, nyanya, ukwaju na sukari, ambao unakaribia sana ule wa kwao.

Ukizimudu hizo mbili, rudi kwenye karai. Kaimati unazopika Ramadhani ni luqaimat za Ghuba, lokma za Uturuki, loukoumades za Ugiriki. Donge ni lile lile la unga, maji na hamira, na kinachobadilika ni kinachomiminwa juu: shira ya iliki, shira ya tende, au asali na mdalasini.

Jioni ya kuonja, na hofu ya jodari

Kikundi chetu cha akina dada 20 hapa Malindi tunataka kila mwezi tuonje vyakula vya nchi moja. Mara ya kwanza vyakula vilibaki vingi, na wawili waliokula jodari waliwashwa na kuumwa kichwa. Samaki alikuwa ameiva kabisa. Ni mzio?
Kwa niaba ya kikundi, Malindi

Kwanza la jodari, kwa kuwa ni la afya. Jodari, vibua na jamaa zao wakikaa bila barafu, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini. Mtu akila, uso humwiva, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, ngozi humwasha, mara nyingi ndani ya saa moja au mbili. Dalili hizo zinafanana na za mzio, ndiyo maana watu husingizia samaki wenyewe. Histamini haiondoki kwa kupika, kukaanga wala kugandisha, kwa hiyo kuiva kwake hakukuwakinga. Dawa ni mwanzoni: mnunue kwa mvuvi mwenye barafu, mtoeni matumbo na mashavu mara moja, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki hadi jikoni. Harufu haitoshi kuwa kipimo, kwani samaki huyo huweza kunuka vizuri tu. Nyama ikichoma ulimi kama pilipili na pilipili haimo, acheni kula mara hiyo. Aliyebanwa na pumzi apelekwe hospitali bila kungoja.

Wali nao una hatari yake. Mbegu za bakteria mmoja wa kwenye nafaka huvumilia mchemko, na wali ukikaa vuguvugu huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Uwekeni kwenye hotipoti ukiwa bado unatoa mvuke, au utandazeni kwenye sinia kina cha sentimita 5 upoe haraka uingie frijini. Juu ya meza ya nje, kwa joto la Malindi, hesabuni saa mbili. Jua likiwa kali, saa moja. Vya tui ni hivyo hivyo.

Kuhusu wingi: mtu mmoja akionja hula gramu 500 hadi 600 jioni nzima. Vyakula 8 kwa watu 20 maana yake kila chakula kiwe kilo 1.4 kikishapikwa, yaani gramu 70 kwa mtu. Kilo moja ya mchele hutoa wali kilo 2.5 au zaidi, kwa hiyo nusu kilo inatosha, na hapo ndipo mlipozidisha. Anzeni na vya siki na vya baridi, visivyo na pilipili, halafu vya tui, mwisho vya kukaanga na vitamu. Pilipili ikitangulia, ulimi hautaonja kinachofuata.

Mkono wa bibi

Bibi yangu wa Pate anapika mkate wa kumimina ambao hakuna anayeuweza. Anapima kwa kibaba na kwa kiganja. Nataka kuuandika kabla hajachoka.
Mjukuu, Lamu

Mpe bibi salamu zetu. Vipimo vyake vina mpangilio: vibaba 2 ni kisaga, vibaba 4 ni pishi. Lakini kibaba chake yeye huenda ni kopo fulani la miaka mingi, kwa hiyo lijaze mchele anavyolijaza yeye, na ulipime hilo hilo.

Usimkatize akipika. Mtu akiulizwa ameweka kiasi gani mkono husita, na kipimo kinabadilika. Pima mchele, sukari, hamira na tui lote kabla hajaanza, mwache ajichotee, akimaliza pima kilichobaki. Tofauti ndiyo aliyotumia. Idadi ya nazi usiiandike, kwani nazi hazilingani. Andika gramu za nazi iliyokunwa na mililita za maji aliyokamulia. Andika pia joto la siku hiyo na dakika za kuumuka, maana donge linaloumuka dakika 45 mchana wa Februari laweza kuhitaji zaidi ya saa nzima asubuhi ya Julai. Rudia mara 3, uchukue wastani.

Ili uwe na cha kulinganisha, kipimo cha kawaida ni mchele gramu 400 uliolowekwa usiku, tui zito mililita 400, hamira kijiko cha chai 1, sukari gramu 200, ute wa yai 1, na iliki. Mchele husagwa na tui na hamira, huachwa uumuke, kisha ndipo sukari na ute hutiwa. Tazama sana hapo bibi anapoamua kwamba umeumuka. Andika mapovu yana ukubwa gani na rojo limepanda vidole vingapi ukutani mwa bakuli, kwa kuwa ukipitiliza hapo mkate hunywea mara tu unapoguswa na moto, na ukiwahi hutoka mzito, bila vile vitundu vidogo ubavuni.